Gharama ya kuishi katika maji ya Kivu

Anayesimama asubuhi ufukweni Nguba, mtaa wa Bukavu, na kuyatazama maji ya Ziwa Kivu yalivyo maangavu hudhani kwamba samaki hawangeweza kupata makao mema kuliko hayo, kumbe maji haya ni magumu kwa kuishi. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo maji yenye joto la nyuzi 25, ambayo pwani yangebeba miligramu 8 na zaidi za oksijeni kwa kila lita, huku kwetu hayapiti miligramu 7. Chini hali ni mbaya zaidi. Kina cha ziwa kinafika mita 485, lakini oksijeni imo katika tabaka la juu peke yake, ambalo wakati wa mvua huishia karibu na mita 30, na wakati wa kiangazi, upepo unapoyapoza na kuyakoroga maji, huweza kufika mita 60 au kidogo zaidi. Chini ya hapo kuna kaboni dioksidi na methani, na samaki hakuna. Hata maji ya juu yenyewe ni ya alkali, pH yake (kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali) ikikaribia 9, na yana magnesi nyingi na kalsiamu kidogo.

Mimi hufundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bukavu, na kila mwaka wanafunzi huniandikia katika mtihani kwamba samaki huzoea mazingira yake, sentensi ambayo haina kosa na pia haisemi chochote. Ninachotaka wakione, na ambacho saa ya somo hainipi nafasi ya kukieleza vizuri, ni kwamba mwili wa samaki hulipia kila badiliko linaloukuta. Nguvu anayoitumia kusukuma maji, kuvuta chumvi na kutoa sumu mwilini hutoka katika chakula kilekile ambacho kingempa nyama na mayai, kwa hiyo maji yanaweza kumwacha hai na bado yakamnyima ukubwa.

Mfano ulio karibu kuliko yote ni sambaza, ambaye leo ndiye kitoweo cha kila siku Bukavu na Goma ingawa si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, enzi ya Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Zililetwa aina mbili, zote mbili zikiwa za ukoo wa sardini wa baharini: Limnothrissa miodon, ambaye ndiye sambaza wetu, na Stolothrissa tanganicae, ndagala wa watu wa Uvira. Huyu wa pili hakudumu. Wa kwanza alikaa, akaongezeka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amekuwa uti wa mgongo wa uvuvi wa Kivu.

Tanganyika iko chini yetu kwa karibu mita 700, maji yake ni ya moto kidogo kuliko haya, na chumvi zake ni kama nusu ya zetu. Lakini nalo ni ziwa la alkali, lenye pH inayokaribia 9 na vilindi visivyo na oksijeni, ila tu kule hewa hufika mbali zaidi, mita 100 hivi upande wa kaskazini na hata 200 upande wa kusini. Sambaza, basi, hakufika Kivu mikono mitupu. Alikuwa na sehemu kubwa ya vifaa vinavyotakiwa, na hili ndilo jambo ambalo wanaomsifu kwa ustadi wa kujizoesha hulisahau. Mchana hushuka hadi karibu na mpaka wa oksijeni, na usiku hupanda juu kuwafuata vijidudu anaowala, ndiyo sababu wavuvi hutoka na taa usiku na kupumzika mwezi unapokuwa mkubwa. Safari hiyo ina masharti yake, kwani kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa angahewa nzima ya usawa wa bahari, na kibofu chake cha hewa hubanwa anaposhuka na kutanuka anapopanda. Samaki wa ukoo wake wana mrija unaounganisha kibofu hicho na njia ya chakula, hivyo huweza kuitoa gesi upesi bila kudhurika.

Jambo asiloliweza sambaza ni kushikwa. Magamba yake hutoka kwa mguso mdogo, na yakishatoka ngozi hubaki wazi, maji yakaingia mwilini na chumvi zikatoka, huku misuli iliyohangaika wavuni ikiwa imejaza damu asidi. Wavu ukishainuliwa hakawii kufa. Nikilifikiria hilo, nawaheshimu waliowasafirisha vifaranga wake kutoka ziwa moja hadi jingine kwa vyombo vya miaka ile.

Nikitaka wanafunzi waelewe gharama hizi zinalipwa wapi hasa, huwapeleka kwenye mashavu. Chukua tilapia mbichi kutoka soko la Nyawera, inua kile kifuniko cha kando ya kichwa, utaona yale matamvua mekundu ambayo mama wauzaji hukufunulia wenyewe ili uone kwamba samaki ni wa leo. Kila upande una matao manne. Kila tao lina safu mbili za nyuzi, na juu ya kila uzi kumepangwa vijikaratasi vingi ajabu, vyembamba kiasi kwamba damu na maji vimetengwa na ukuta wa seli chache tu. Damu hupita humo ikielekea kinyume na maji, kwa hiyo hata damu inayokaribia kutoka, ambayo tayari imejaa oksijeni, bado hukutana na maji mapya yenye oksijeni nyingi kuliko yenyewe. Kwa mpangilio huo samaki huweza kunyonya hata asilimia 80 ya oksijeni iliyomo katika maji yanayopita, wakati mapafu yetu huchukua kama robo tu ya ile tunayoivuta. Na analazimika kuwa hodari hivyo, kwa sababu hewa ina oksijeni mara 30 hivi kuliko maji kwa ujazo uleule, na maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Kupumua kwetu hatukuhisi. Kwa samaki ni kazi ya kutwa.

Oksijeni inapopungua, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza kasi na ukubwa wa pumzi. Moyo, kinyume na mtu anavyotarajia, hupiga polepole zaidi, na damu hukaa kidogo zaidi katika vile vijikaratasi. Bandama hujikamua na kuachilia akiba ya seli nyekundu. Ikiwa shida itaendelea kwa saa nyingi au siku, seli hizo hupunguza fosfati fulani zilizomo ndani yake, ambazo kwa kawaida huilegeza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, na himoglobini huanza kuikamata oksijeni kwa nguvu zaidi hata ikiwa chache. Baadaye hutengenezwa seli mpya. Hatua hizi zote zinafanyika bila mnyama kubadilika umbo, na zikitosha huishia hapo.

Hata hivyo mashavu yana kazi nyingine inayogongana na hii. Damu ya samaki wa ziwani ina chumvi nyingi kuliko maji anamoogelea, kwa hiyo mchana na usiku maji humwingia na chumvi humtoka, na mlango mkubwa wa kuingilia na kutokea ni yale mashavu yanayopaswa kuwa mapana na membamba ili oksijeni ipite. Akiyafungua zaidi apate hewa, anapoteza chumvi. Akiyafunga ahifadhi chumvi, anakosa hewa. Samaki hukojoa mkojo mwingi mwepesi ili kuyatoa yale maji, na katika mashavu ana seli maalumu zinazovuta sodiamu na kloridi kutoka majini kwa kutumia nishati. Kalsiamu husaidia kukaza viungo vya seli ili visivuje, na Kivu, kama nilivyosema, ina kalsiamu kidogo.

Anayeonyesha mgongano huu waziwazi kuliko wote, kwa maoni yangu, haishi Afrika. Ni samaki wa ukoo wa kapu (carp), Carassius carassius, anayekaa katika madimbwi ya Ulaya ambayo wakati wa baridi hufunikwa na barafu na kuishiwa hewa kabisa. Watafiti wa Oslo walionyesha mwaka 2003 kwamba maji yakiwa na oksijeni ya kutosha, nafasi zilizo kati ya vijikaratasi vya mashavu yake hujazwa na seli, mashavu yakawa kama hayana vijikaratasi kabisa, na hasara ya chumvi ikapungua. Oksijeni ikipungua, seli zile hufa kwa siku chache na eneo la kupumulia hupanuka mara kadhaa. Hewa ikiisha kabisa, samaki huyu huigeuza asidi ya misuli yake kuwa alkoholi, ileile iliyomo katika pombe yetu ya kasiksi, na kuitoa kupitia mashavu. Nikifika hapo darasani hata wanaolala huamka.

Katika Kivu, nadhani tatizo la pH linastahili kuzungumziwa zaidi kuliko linavyozungumziwa. Samaki wengi hutoa takataka za protini kama amonia, ambayo hupenya tu kutoka damuni kwenda majini. Amonia ina sura mbili: moja yenye chaji, isiyo na madhara makubwa, na nyingine isiyo na chaji, inayopenya utando wa seli na kuua. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, ile ya kuua haifikii asilimia 1. pH ikifika 9, inakuwa zaidi ya theluthi moja. Maji ya alkali humkwamisha samaki mara mbili: amonia iliyomo majini inakuwa kali zaidi, na ile iliyomo mwilini inapata shida kutoka. Ziwani maji ni mengi na amonia hutawanyika, lakini katika bwawa dogo au kizimba kilichosongamana hesabu inabadilika.

Jirani zetu wa Kenya wana samaki aliyelimaliza tatizo hili kwa njia isiyo ya kawaida. Tilapia mdogo wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, huishi katika maji yenye pH ya 10 hivi, kando ya chemchemi ambazo joto lake hupita nyuzi 40. Mwaka 1989 ilichapishwa kwamba takataka zake za nitrojeni huzitoa zote kama urea, jinsi tunavyofanya sisi. Urea haina ukali huo, lakini kuitengeneza kunadai nishati ambayo amonia haikuidai, na ndiyo maana samaki wengine hawajisumbui kuifanya. Kamongo, samaki mwenye mapafu, naye hutumia urea anapojifukia katika matope makavu, kwa kuwa humo hana maji ya kumchukulia amonia.

Kaskazini mwa ziwa kuna Ghuba ya Kabuno, iliyotengwa na ziwa kubwa kwa mlango usio na kina. Humo tabaka lenye oksijeni ni kama mita 10 tu, na kaboni dioksidi ni nyingi kuliko katika bonde kuu. Maji ya chini yakipanda, samaki hukutana na kaboni dioksidi ambayo haiwezi kutoka damuni kwa sababu nje nako imejaa. Damu huwa na asidi, na himoglobini ya samaki wengi, ikishapata asidi, huiachilia oksijeni na kushindwa kujaa tena. Dawa ya mwili ni kukusanya bikaboneti, inayopunguza asidi, kwa kuibadilisha na kloridi katika zile seli za mashavu. Kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Maji yakibadilika kwa dakika chache, mwili hauna muda huo.

Je, vizazi vinaweza kufanya ambacho mwili mmoja haukuweza? Kwa kiasi, ndiyo. Katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, aina fulani za furu, samaki wadogo wa ukoo wa tilapia, zilionekana kuwa na mashavu mapana zaidi katika muda wa miaka 20 hivi, baada ya maji yale kurutubika kupita kiasi na oksijeni yake kupungua. Lakini tusikimbilie kuyaita hayo mageuzi ya urithi. Furu mdogo wa vinamasi vya Uganda, Pseudocrenilabrus multicolor, alipozaa na watoto wa mama mmoja wakagawanywa, wale waliokuzwa katika oksijeni chache walipata mashavu makubwa kuliko ndugu zao. Hata hapo gharama ipo: kichwa ni kilekile, na mashavu yakitanuka, misuli na mifupa ya kulia chakula hubanwa, samaki akala kwa shida zaidi.

Joto nalo huuma pande mbili. Maji yakipata joto hubeba oksijeni chache, na mwili wa samaki, ambao hauna joto lake wenyewe, hudai oksijeni nyingi zaidi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 kuhusu Ziwa Tanganyika zilionyesha kwamba joto la juu linayafanya matabaka yake yasichanganyike vizuri, chakula kisipande na oksijeni isishuke kama zamani. Samaki wa majini humo hubanwa kutoka juu na kutoka chini.

Huku milimani shida yetu ni baridi. Mama mmoja wa Kabare, jirani wa shamba la wajomba zangu, ana mabwawa ya tilapia na aliniuliza, “Mwalimu, hawa samaki wangu wana ugonjwa gani? Wanazaa kila mara, lakini hawakui.” Ugonjwa hakuna. Tilapia hukua vizuri katika nyuzi 28 hadi 30. Bwawa la Kabare asubuhi liko mbali sana na hapo, na kila nyuzi 10 zinazopungua huipunguza kasi ya kazi za mwili hadi nusu au theluthi. Mwili hujitahidi: hubadilisha mafuta ya utando wa seli ili yasigande, kwa kuongeza yale yanayobaki majimaji kwenye baridi, maana utando uliojaa mafuta mazito ungekuwa kama mawese asubuhi ya kiangazi. Vimeng'enya vingine, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili, huongezwa ili kazi iende. Yote hayo huja kabla ya kunenepa. Tena tilapia aliyebanwa bwawani hukomaa na kuzaa akiwa mdogo sana, mara nyingine akiwa na gramu 30 tu, na jike akishaweka mayai mdomoni hali mpaka vifaranga waanze kujitegemea.

Aliniambia pia kwamba alfajiri samaki hupanga midomo juu ya maji. Nilikwenda kuangalia, na ndivyo ilivyokuwa: midomo imechongoka, imegusa tu ule utando wa maji unaopakana na hewa, mashavu yanapiga haraka, na mtu akikaribia hawazami mara moja. Maji yake ni ya kijani kwa samadi. Mchana mimea ile midogo hutoa oksijeni na kuvuta kaboni dioksidi, hivyo alasiri pH hupanda na amonia kuwa kali. Usiku mimea nayo hupumua, na oksijeni hufika chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Wakati huohuo ndipo alipokuwa anawatupia pumba, kabla ya kwenda shambani. Samaki aliyekula huhitaji oksijeni zaidi ili kusaga na kujenga, kwa hiyo chakula kile kilikuwa kinawaongezea deni saa ileile ambayo hawakuwa na kitu mfukoni. Tulikubaliana alishe kuanzia saa nne, jua likishapanda, na apunguze samadi.

Swali lake la pili lilikuwa kama afadhali afuge kambale, ambaye ana kiungo cha kupumulia hewa nyuma ya mashavu na hajali alfajiri. Nilimwambia, “Mama, kambale angekuondolea shida ya hewa, lakini ya baridi ingebaki palepale, kwa sababu naye hukua vizuri katika maji ya moto kuliko haya.” Akaamua kubaki na tilapia, ila madume peke yao, ili chakula kisiishie katika mayai. Tulikaa na beseni na kuwachambua waliokuwa wamefikia urefu wa kiganja: unamgeuza samaki tumbo juu, unaitazama ile nundu ndogo iliyo karibu na pezi la chini, dume ana matundu mawili ukihesabu na lile la haja, jike ana matatu, na ukitilia shaka unampaka kidogo rangi ya bluu ya kuulia vijidudu ili mkunjo wa tundu la mayai uonekane.